Maji ya Mto Mmoja na Gesi ya Bunyoro

ZAINA: Karibuni tena kipindini. Kaka Musa, msikilizaji wetu wa Jinja anauliza: bwawa la umeme la Karuma limeshafunguliwa hapa Uganda, megawati 600. Kuzalisha umeme kwa gesi ya Bunyoro, huko magharibi, ni kwa nini tena?

MUSA: Dada Zaina, hebu tuyahesabu mabwawa yetu makubwa. Nalubaale ya 1954, Kiira, Bujagali, Isimba, sasa Karuma. Yote yako kwenye Nile ileile inayotoka Ziwa Victoria. Ziwa likishuka, yanapungua yote kwa pamoja.

ZAINA: Kama 2005 na 2006.

MUSA: Enhe! Mvua zikagoma, ziwa likashuka, mgao ukaingia. Serikali ikakodi mitambo ya dizeli, kisha Namanve, karibu na Kampala, ukajengwa mtambo wa mafuta mazito, megawati 50. Mafuta yanashushwa pwani, yanasafirishwa mpaka huku, halafu ndiyo yachomwe. Umeme wake hauwezi kuwa rahisi, na bei ya umeme ikapanda kweli.

ZAINA: Na gesi inafanyaje kazi?

MUSA: Mtambo unavuta hewa, unaibana, gesi inawashwa ndani yake, na ule moto unasukuma mapanga ya tabaini, gurudumu linalozungusha jenereta. Ukiishia hapo, joto jingi linapotea angani. Lakini ukilikamata likachemsha maji, mvuke unazungusha tabaini ya pili, na gesi ileile inatoa umeme zaidi. Mitambo bora ya aina hiyo inageuza zaidi ya nusu ya joto la gesi kuwa umeme. Tena tabaini ya gesi huwashwa kwa dakika chache. Saa moja jioni, kila nyumba inapowasha taa na pasi, hiyo ni faida kubwa.

ZAINA: Majirani wametutangulia. Tanzania waligundua gesi ya Songo Songo 1974, ikaanza kuzalisha umeme Ubungo, Dar es Salaam, 2004, kisha wakajenga mitambo ya Kinyerezi. Rwanda nao wanavuta methani, gesi ya kuwaka, kutoka kwenye maji ya kina ya Ziwa Kivu, megawati 26 tangu 2016.

MUSA: Yetu iko Bunyoro, inatoka ardhini pamoja na mafuta, kwenye miradi ya Tilenga, upande wa Buliisa, na Kingfisher. Si nyingi kama ya Mtwara kule Tanzania. Mpango ni izalishe umeme wa kuendesha mitambo ya mafuta yenyewe, na nyingine iwe gesi ya kupikia. Sheria ya 2013 inakataza kuichoma hewani bila ruhusa, na hilo nalipenda sana.

ZAINA: Mimi nataka zaidi ya hapo. Mtambo ukiwaka Buliisa, mvuvi wa Buliisa aone taa kabla yetu wa Kampala.

MUSA: Hapo shida si gesi, dada. Uwezo wa mitambo yetu yote umeshapita megawati 2,000, na hata jioni hatuumalizi. Kinachokosekana ni nguzo, nyaya na transfoma. Ukimjengea mtu mtambo jirani bila laini ya kwenda kwake, atausikia ukinguruma tu.

ZAINA: Basi laini ijengwe pamoja na mtambo, kwa mkataba uleule. Isiwe ahadi ya baadaye.

MUSA: Nakubali, ila nina sharti. Gesi huisha, na methani ikivuja inapasha dunia joto kuliko kaboni dioksidi. Mabomba yakaguliwe kila mara. Na tusiitegemee kama tulivyoitegemea Nile. Iwe akiba ya mwaka wa ukame, jua na maji vikiendelea kubeba mzigo.

ZAINA: Kwa akiba tumekubaliana. Kwa Buliisa bado sijaridhika. Wasikilizaji wa huko, na wa Hoima na Kikuube, tutumieni ujumbe: nguzo zimefika kijijini kwenu, na nani ameshaunganishiwa? Tutawasoma wiki ijayo.

MUSA: Kwaherini.