Kinga Kompyuta Yako ya Nyumbani na Virusi Bila Kutoa Hata Mia

Haya wadau karibuni, niko nyumbani Ngamiani hapa Tanga, mkisikia mlio ni feni iyo, joto la leo sio la kawaida kwaiyo mnivumilie. Leo tunalinda kompyuta kwa antivairasi ya bure. Na hapa mezani ninayo flashi ya mama mdogo, juzi aliipeleka stesheneri kuprinti karatasi zake ikarudi picha zote za harusi zimegeuka shotikati, yaani vile vialama vya njia ya mkato tu, ukibofya hamna kitu, na mama mdogo ananuna mpaka leo. Ila siichomeki saivi, kwanza mashine yenyewe ijilinde.

Usikimbilie kudaunlodi. Kama una Windows 10 au 11 antivairasi unayo tayari, inaitwa Microsoft Defender, imekuja na Windows yenyewe na haikudai hela. Bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, andika Windows Security, piga enta. Mnaona ngao zile? Bofya palipoandikwa Virus & threat protection.

Sasa hapa wengi mtakuta jina la antivairasi nyingine kabisa. Izi laptopu za mtumba tunazonunua zinakujaga na antivairasi za majaribio, muda wake umeshaisha zamani, kazi iliyobaki ni kukurushia matangazo ulipie, alafu Defender ikiona kuna mwenzie kazini huwa inakaa pembeni, kwaiyo unaweza kujikuta mlinzi aliyeko getini amelala na yule mzima umemwambia arudi kwao. Itoe. Nenda Settings, ingia Apps, itafute kwenye orodha, bonyeza Uninstall, alafu zima mashine uwashe. Defender itaamka yenyewe.

Mtu ataniuliza kaka, mimi nataka Avast, au Bitdefender ya bure. Weka, sio mbaya, ila iwe moja tu na uichukue kwenye tovuti yao wenyewe. Ukiweka mbili zinagombana na mashine inakuwa nzito hata kufungua faili la Word unasubiri. Mimi nabaki na Defender maana hainisumbui kila saa na viofa vyake. Ila ile antivairasi ya kulipia iliyokrakiwa, yaani iliyochakachuliwa itumike bila kulipia, mnayorushiana kwenye magrupu ya WhatsApp hapana jamani, kraki yenyewe mara nyingi ndo imebeba kirusi, na wanakwambia kabisa uzime ulinzi kwanza ndo uiinstoo. Fisi huyo anaomba bucha.

Tuendelee. Bofya Manage settings, hakikisha Real-time protection imewaka, na ile Tamper Protection nayo iwake, iyo kazi yake ni kuzuia programu mbaya isije ikazima ulinzi kimyakimya. Kuna wale walioizima ili wakraki gemu wakasahau, najua mpo.

Rudi nyuma, shuka mpaka Protection updates, bonyeza Check for updates. Bando linauma, naelewa, lakini antivairasi isiyoapdetiwa haivijui virusi vipya. Na Windows yenyewe nayo uiapdeti. Mnakumbuka WannaCry, Mei 2017, kile kirusi kilichofunga mafaili ya watu dunia nzima kikidai Bitcoin, ile hela ya mtandaoni? Microsoft walishaziba lile tundu tangu Machi mwaka huohuo, waliopigwa wengi ni wale ambao hawakuapdeti. Na kama bado uko Windows 10, apdeti zake za kawaida za bure zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwaiyo mashine yako ikikubali Windows 11 hamia.

Alafu skani. Bonyeza Scan options, chagua Full scan, alafu Scan now. Inaweza kula masaa, chomeka chaja uende zako hata ukapunge upepo Raskazone. Kukiwa na kirusi sugu kinachorudi kila ukikifuta, humohumo chagua ile ya Offline, sevu kazi zako kwanza maana mashine itajizima na kuwaka na kuskani kabla Windows haijafunguka, kirusi kinakutwa bado hakijaamka. Ni kama robo saa ivi.

Haya, flashi ya mama mdogo. Kabla ya kuchomeka nenda Settings utafute AutoPlay uizime, isijifungue yenyewe. Nachomeka... imetokea, kwangu ni E. Usiibofye mara mbili! Bofya kulia, chagua Scan with Microsoft Defender, kwenye Windows 11 usipoiona gusa kwanza Show more options. Mnaona, imekamata. Bonyeza Start actions, iondoe.

Ila picha bado hazionekani, na hapa ndo watu wengi wanaformati flashi wanalia bure. Kirusi cha shotikati mara nyingi hakifuti mafaili, kinayaficha tu. Kwaiyo bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, enta, kwenye kile kiboksi cheusi andika kama ninavyoandika mimi, nafasi uziache hivihivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Iyo E weka herufi ya flashi yako, usikosee ukaweka C. Enta, subiri, kikinyamaza usidhani kimekwama, kinafanya kazi. Sasa nafungua flashi, zile shotikati zilizobaki nazifuta bila kuzigusa mara mbili, na folda hizi hapa... picha ya kwanza, ya pili, bi harusi huyu, na huyu hapa mama mdogo mwenyewe na kanga yake. Ngoja nimpigie.