Kuku Hajakataa Watoto, Ameharakishwa

Mwangaluka wazee wangu, mama zangu, na vijana mliokaa kule nyuma.

Nimeombwa nizungumzie kuku wa kienyeji kuanzia banda mpaka soko. Soko tutalifikia Mungu akipenda. Naanzia pale ninapoanzia kila kata ya Tabora ninayoitwa, kwa sababu kila kata naulizwa lile lile: "Mtaalamu, kuku wangu ameangua vizuri, halafu anavidonoa vifaranga vyake. Nimchinje?"

Usimchinje. Niambie kwanza ulimfanyia nini usiku ule wa kuangua.

Kuku huatamia siku 21, hilo hata mtoto analijua. Lakini ulezi hauanzi siku ya 21. Kifaranga kinaanza kulia kikiwa bado ndani ya gamba, siku moja hivi kabla hakijatoka. Tega sikio, utakisikia. Na mama anakijibu, kwa sauti ya chini sana ambayo hukumsikia akiitoa siku zote alizokaa pale. Hapo ndipo wanapojuana. Sasa wewe unafika na tochi, unamnyanyua uhesabu mayai yaliyopasuka, unamrudisha, baada ya muda unamnyanyua tena, na watoto wa jirani wanaitwa waje waone. Kuku huyo atajuana na nani? Amekwisha kuwa mlinzi, manyoya ya shingo yamesimama, na chochote kinachotikisika anakipiga mdomo. Kilichotikisika ni mwanawe.

Najua kuna atakayesema: "Vimekauka tangu alfajiri, vitakufa njaa, lazima nimtoe mama yao vikale." Havifi! Kifaranga kinapokaribia kutoka, kiini cha yai huingia tumboni mwake, na akiba hiyo inakitosha siku 2, hata 3. Vifaranga vya siku moja mnavyoagiza husafirishwa ndani ya maboksi bila punje mdomoni, na vinashuka stendi vinapiga kelele. Mwacheni kuku akae na wanawe mchana huo na usiku wake. Atanyanyuka mwenyewe. Yai ambalo halijapasuka mpaka hapo ni viza, litupe mbali.

Mama mmoja kule Uyui alinunua vifaranga 10 vilivyoanguliwa kwa mashine. Alikuwa na kuku aliyekaa juu ya mayai siku chache tu, akafikiri: huyu anaatamia, basi ni mama. Saa nne asubuhi, jua linawaka, kuku wengine wanaparua pale pale, akavimwaga vyote mbele ya mdomo wake. Vitatu vilikufa kwa kudonolewa kichwani. Nilipofika alikuwa ameshika kisu.

Nikamwambia, huyu tumwache, hana kosa. Mwili wake haujafika huko. Kuku anageuka kuwa mama taratibu, kadiri anavyokaa juu ya mayai. Jikoni, nyuma ya mafiga, palikuwa na tetea mwingine aliyeingia wiki ya tatu, na mayai yake karibu yote yalikuwa viza. Huyo ndiye. Tukasubiri giza, na nasema giza la kweli, si magharibi: kuku wote wamelala na koroboi imezimwa. Yule mama mwenye nyumba akapitia nyuma ya kuku. Kwanza aliuacha mkono wake chini ya kifua cha kuku upate joto, kwa sababu mkono wa baridi unamshtua. Kisha akatoa yai, akaacha kifaranga. Akatoa yai jingine, akaacha kifaranga. Vyote saba hivyo hivyo, bila neno.

Tukakaa. Kimoja kililia kwa ukali, kikapunguza, kikanyamaza. Halafu tukamsikia tetea na ile sauti yake ya chini. Akajiinua kidogo, akashusha mabawa, akajitanua kama mtu anayejifunga vizuri kanga yake. Alfajiri, kabla hapajapambazuka sawasawa, vichwa viwili vilikuwa vinachungulia katikati ya manyoya ya kifua.

Kwa hiyo mnisikilize vizuri, hasa ninyi mnaonunua vya mashine. Kuku awe amekaa wiki 2 au zaidi. Kifaranga kiwe cha siku 1, kisizidi 2, kwa sababu chenyewe nacho kikishazoea kuishi bila mama hakimfuati tena hata akikiita. Na iwe usiku. Kuku ambaye amekwisha kutembea na wanawe siku kadhaa anawajua. Ukimletea mgeni, tena wa rangi tofauti, atampiga. Usimlaumu.

Asubuhi yake kaa kando uangalie mdomo. Kuku anagusa kifaranga mguuni au mgongoni, kidogo tu, na hiyo si vita. Akilenga kichwa na kurudia, kitoe. Chenye damu kitoe haraka hata kama mama hana ubaya, maana wenzake watakimaliza.

Naona mzee wangu pale anatikisa kichwa: "Kuku wa bibi zetu walilea wenyewe." Shikamoo mzee, na ni kweli. Lakini bibi alikuwa na tenga. Alimfunika kuku na wanawe, akaweka jiwe juu, na hakuna aliyewasumbua. Tena bibi alichagua: mayai ya kuku mlezi yaliatamiwa, mayai ya asiyelea yaliliwa. Miaka na miaka. Leo tumeleta kuku wa kisasa, Sasso na Kuroiler, wanakua haraka, siwapingi, lakini hao hamu ya kuatamia wengi wao hawana. Ukichanganya damu, usishangae binti akiacha kiota siku ya 12. Mayai ya chotara mwekee kuku wa kienyeji mwenye rekodi ya kulea.

Jambo jingine ni utitiri. Kuku anayeliwa usiku kucha hana subira na mtoto. Badilisha majani ya kiota kabla hajaanza kuatamia, nyunyiza majivu. Hapa kwetu wengi hutandika majani ya tumbaku chini kabisa, chini ya nyasi, na tumbaku hatukosi. Mpe na chakula cha kushiba siku mbili tatu kabla ya kuangua, amekonda huyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi haraka haraka. Maji yawe kwenye kisahani chenye vijiwe, kifaranga kisizame. Chakula ni chenga, pumba, dagaa waliosagwa, na mchwa mkiweza. Tenga la mchana kwa ajili ya mwewe, wiki za mwanzo zote. Chanjo ya kideri, yaani mdondo, ni tone jichoni, na kila baada ya miezi 3 mrudie. Changeni nyumba kadhaa mnunue kichupa kimoja, kikifunguliwa hakikai. Usiku wa Juni na Julai msimpe kuku mmoja zaidi ya vifaranga 12, vya pembeni vinapata baridi.

Soko sikulifikia. Mwenye kuku anayetarajia kuangua wiki hii abaki, tupange nani amletee nani vifaranga, na saa ngapi usiku.