Mteja Anatazama Mlango Kwanza

Wakubwa zangu, shikamooni. Na ninyi vijana wangu wa mwaka wa mwisho, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kufungua ofisi binafsi ya tiba ya mazungumzo hapa Moshi na kuiendesha bila kuifunga baada ya miezi sita. Mwalimu aliyenialika alisema, "Wape siri za mafanikio." Nikamjibu kwamba ninayo moja tu, na yenyewe ndiyo hiyo: siri. Kila mmoja wenu ameshaapa darasani kutunza siri za wateja. Kiapo ni kizuri, lakini mteja hakioni. Anaona mlango, bango, ujumbe wa simu na mtu aliyekaa kwenye benchi. Leo nitasema zaidi kuhusu hivyo.

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa fremu ya chini, barabarani, si mbali na mnara wa saa. Kioo mbele, duka la dawa kushoto, wakala wa fedha kulia. Nililipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikatundika bango la mita mbili: USHAURI NASAHA NA AFYA YA AKILI. Mwezi wa kwanza wakaingia watu tisa. Wanne waliuliza kama tunapima Ukimwi. Wawili walitaka vocha. Mmoja alikuwa mwenye nyumba. Wateja wakabaki wawili, na mmoja wao alikuja giza limeingia, kajifunika khanga mpaka puani.

Nililaumu mji, nikalaumu dini, nikalaumu elimu ndogo ya watu. Kumbe ni bango. Neno "ushauri nasaha" kwetu lilikua pamoja na Ukimwi; ndivyo vilivyoitwa vile vyumba vya kukaa kabla na baada ya kupima. Na neno "akili" likiwekwa ukutani, mtu anasikia Mirembe, ile hospitali ya Dodoma ambayo jina lake tumeligeuza tusi. Sasa nani aingie hapo saa nne asubuhi, huku wakala wa fedha wa jirani ni mtoto wa shangazi yake?

Nilihamia ghorofa ya pili, kwenye jengo lenye fundi cherehani, wakili na kampuni ndogo ya kupandisha watalii mlimani. Ngazi ni moja kwa wote. Mtu akipandisha pale huwezi kujua anakwenda wapi: pengine anapima suti, pengine ana kesi ya kihamba, lile shamba la ukoo. Kwa hiyo msimwachie dalali hilo. Akikuonyesha chumba, simama upande wa pili wa barabara nusu saa, utazame nani anaweza kumwona anayeingia. Mimi sasa hata ukubwa wa chumba nauangalia baadaye.

Jina nalo lilinitesa. Nilipokwenda BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, niliandika jina lenye "Afya ya Akili" ndani yake, nikaona ni uaminifu. Jina hilohilo likaingia kwenye lipa namba. Kulikuwa na mama mmoja, na nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike, aliyekuja mara tatu. Mara ya tatu alilipa kwa simu. Jioni mume wake akaichukua ile simu amtumie ndugu pesa, akakuta ujumbe: umelipa shilingi 40,000 kwenda kwa fulani AFYA YA AKILI. Kesho yake yule mama alinipigia kwa namba nyingine, akasema maneno manne: "Dada, naomba usinitafute tena." Hakurudi. Mimi nilipata somo, gharama akalipa yeye. Leo jina la biashara yangu lingeweza kuwa la duka la vitabu, na bado ni halali, leseni ya manispaa inalijua na TRA, watu wa kodi, wanalijua.

Kuhusu ukuta nitasema kwa kifupi. Siku moja nilikaa kwenye benchi la kusubiri, nikamwambia msaidizi wangu aingie chumbani asome gazeti kwa sauti ya kawaida. Nikasikia matokeo ya Simba yote, pamoja na dakika za mabao. Ukuta wa jipsamu ulikuwa unaishia kwenye dari, na sauti inapita juu ya dari kama panya. Fundi akaupandisha mpaka kwenye zege. Kwenye benchi tukaweka redio ndogo, sauti ya chini. Mteja mmoja anakaa dakika 50, halafu naacha dakika 25 kabla ya mwingine, ili wasipishane mlangoni. Katika mji huu, ukiwapishanisha watu wawili mlangoni, utakuta ni mashemeji.

Halafu kuna salamu, jambo ambalo sikufundishwa mahali popote. Tulielekezwa kwamba ukikutana na mteja nje, usimsalimie mpaka akusalimie yeye. Sawa. Lakini mimi ni binti wa Kibosho, napita soko la Mbuyuni, mbele yangu ni mzee wa miaka sabini ambaye juzi alilia ofisini kwangu. Nisipomwamkia, wauza ndizi wote wataona. Nikimwamkia kwa jina, watajiuliza nimemjulia wapi. Nilihangaika na hilo karibu mwaka mzima. Nilichofanya ni kuanza kuwaamkia wazee wote, ninaowajua na nisiowajua, shikamoo kwa kila mwenye mvi. Sasa shikamoo yangu haimwambii mtu chochote. Ila watu wameanza kusema nina adabu za kupitiliza, labda nagombea udiwani. Kwa wateja wa rika langu naliweka wazi siku ya kwanza: tukikutana njiani, wewe ndiye mwenye salamu. Ukinipita, sitanuna.

Sasa wateja wanatoka wapi. Hapa Moshi wengi huletwa na mtu mwingine: mchungaji, padri, sheikh, mwalimu mkuu, muuguzi. Wanaokuletea ni watu wa maana sana, na ndio wa kwanza watakaokujaribu. Mchungaji mmoja aliwahi kunipigia.

"Mwanangu, yule binti niliyekuletea, amefunguka?"

"Shikamoo mchungaji."

"Marahaba. Amefunguka?"

"Mchungaji, nashukuru kwa kuniamini. Nani amekuja na nani hajaja, utaambiwa na mwenyewe."

Kimya. "Hata mimi?"

"Hata wewe, mchungaji wangu."

Alinibariki kwa sauti kavu, akakata. Nilikaa nikihesabu: huyu ndiye aliyenipa theluthi ya wateja. Mwezi uliofuata alituma wengi kuliko mwanzo, na hakuuliza tena. Kama yeye mwenyewe alikuja au hakuja, jibu langu mnalijua.

Tuje kwenye karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo daftari lako la mteja halikai mezani nyumbani ambako mdogo wako anatafuta kalamu. Kwangu faili lina namba tu, halina jina. Orodha ya majina iko kwenye kabati jingine la chuma, na ufunguo wake ninao mimi. Na acheni kuandikiana habari za wateja kwenye WhatsApp, hata kama mmeandika "yule wa Jumanne".

Hapa kuna jambo zito. Chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, kujaribu kujiua ni kosa. Mteja wako anaweza asikijue kifungu, lakini hofu ya polisi anaijua. Wengi mtatumia dodoso la PHQ-9, maswali tisa, alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 unaichunguza sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, kwa uzito. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mtu anayedhani utampigia polisi atajibu "hapana kabisa", atatabasamu, na wewe utaandika sifuri. Ndiyo maana kabla ya dodoso lolote namweleza mteja mipaka ya siri: nikiona maisha yako yako hatarini, nitampigia mtu mmoja, na huyo mtu unamchagua wewe, leo, tukiwa tumetulia. Namba ya mtu huyo naiandika mbele ya mteja. Baada ya hapo swali la tisa hujibiwa tofauti. Na mkisikia mtu anasema anaitwa na sauti, au hajalala siku nne na anagawa mali zake, msing'ang'anie. Kliniki za akili ziko katika hospitali za Mawenzi na KCMC; sisi hatuandiki dawa. Mji huu utakuita dokta hata ukikataa. Kataa tu.

Fedha. Naona mmekaa sawa. Freud, yule daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, aliandika mwaka 1913 kwamba watu huonea haya mambo ya fedha kama wanavyoonea haya mambo ya ngono, na kwamba mganga aseme bei yake waziwazi. Alisema pia kwamba mgonjwa amekodi saa yake. Aje asije, ni yake na anailipia. Vienna labda. Hapa Hiace imekufa Kiborloni, mvua imekata njia, kuna msiba Marangu. Utaratibu wangu ni nusu ya malipo wakati wa kupanga miadi, na ukiahirisha siku moja kabla, hela yako haipotei. Msiba hautozwi. Ila misiba ikifika mitatu kwa mwezi mmoja, tunaizungumza chumbani.

Mama mmoja aliniambia, "Elfu arobaini ya kuongea? Nikiongea na dada yangu si bure?" Nikamuuliza dada yake atamwambia nani. Akafikiri, akacheka mpaka akashika mkoba. Lakini msiwacheke watu kama huyo. Sheria ya mwaka 1977 iliifunga tiba binafsi ya kibiashara nchini, na haikulegezwa mpaka 1991. Mtu wa umri wa mama yangu amekua akijua tiba ni kitu cha serikali au cha misheni. Unapomtajia bei ya maneno matupu, bila hata kidonge, unampa kazi ya kufikiri upya. Mpe muda.

Hesabu zangu za mwezi mzuri ni hizi: wateja 12 kwa wiki, elfu arobaini kila mmoja, ni 1,920,000. Toa kodi ya chumba 300,000, msaidizi 250,000, umeme, maji na bando 80,000, na 100,000 ya msimamizi wangu wa kitaaluma. Inabaki 1,190,000 kabla ya TRA. Huo ni mwezi mzuri, na nilifika hapo baada ya mwaka na nusu. Miezi minane ya kwanza nilikuwa na wateja watatu kwa wiki, na jioni nilifundisha masomo ya ziada ili nile.

Na miezi hailingani. Januari inajaa. Watu wamepanda vijijini Krismasi, Rombo, Machame, Marangu, wamekaa pamoja siku kumi na yale ya mirathi yamefumuka, kisha ada za shule zimewapokea mlangoni. Maumivu yapo, hela haipo. Januari nakubali malipo ya mafungu. Aprili na Mei, mvua ikinyesha na mlima ukiwa hauna wageni, ndipo wanapokuja waongoza watalii na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani. Msimu mzima hawana nafasi ya kuumwa. Mmoja aliniambia kichwa chake huanza kupiga kelele siku anayotundika buti. Kwa hiyo Aprili wateja hao wanapatikana, mfuko wao ndio mtupu, na usipojiwekea akiba ya miezi hiyo miwili tangu Agosti, utafunga.

Wakija, sikilizeni neno wanalotumia. Hawasemi sonona. Wanasema "nina mawazo". Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha kazi ya kuwakalisha bibi wa mitaani kwenye mabenchi nje ya kliniki, wasikilize watu, na waliliita tatizo kwa Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Hawakusubiri watu wajifunze neno la hospitali kwanza. Kadi yangu imeandikwa "mazungumzo ya faragha kwa wenye mawazo mengi". Kadi hiyo mtu anaweza kuiacha mezani na asiulizwe.

La mwisho, msianze peke yenu. Mji huu ndio wa KNCU, ushirika wa kahawa wa tangu 1933. Wazee wetu walijua mkulima mmoja na gunia lake hana bei. Watatu mnaweza kukodi ghorofa moja, msaidizi mmoja, kabati tatu zenye kufuli tatu. Mtagawana siku, na mtagawana pia wale msioweza kuwapokea. Maana ndugu zako watakuja, "nipite tu mara moja", na ndugu yako si mteja wako, hata akilipa mara mbili. Utampeleka chumba cha pili. Mimi binamu yangu alininunia miezi miwili kwa hilo, halafu nikasikia anaisifu ofisi yetu harusini, bila kusema aliijuaje.

Dada pale nyuma amenyanyua mkono tangu nilipotaja elfu arobaini. Karibu, dada, na usitaje jina lako kama hutaki.