Dakika Moja ya Kadi

Ndugu zangu, nianze na ile dakika moja inayowatoa jasho.

Mtihani wa kuzungumza wa IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hauzidi dakika 14. Mwanzoni unaulizwa habari za nyumbani, kazi, masomo. Hapo hapana neno. Kisha unakabidhiwa kadi yenye mada, karatasi na penseli, na dakika 1 ya kujiandaa. Baada ya hapo unazungumza peke yako, dakika 1 hadi 2.

Wengi mnakuja na majibu ya kukariri. Nawasihi, acheni. Watahini wamefunzwa kuyatambua: sauti inageuka ya ngonjera, macho yako darini, na likija swali dogo la pembeni umekwama.

Juzi muuguzi mmoja tuliyekuwa tukifanya naye mazoezi alipata mada ya kitu cha zamani cha familia. Akaanza na saa ya dhahabu ya babu. Hata nusu dakika haikufika, kimya. Nikamwuliza, “Dada, kwenu kuna saa ya dhahabu?” Hakuna. “Kuna nini basi?” Akasema kuna mbuzi ya bibi, ya kukunia nazi.

Nikampa karatasi upya. Akaandika mambo manne: bibi, mguu uliovunjika, meno, Ijumaa. Manne tu, maana ukiandika sentensi dakika inakuishia mkononi. Mbuzi kwa Kiingereza hakujua inaitwaje. Akaieleza: kiti kifupi cha mbao, unakikalia, mbele kina chuma chenye meno, unazungusha nazi, inadondokea kwenye sinia. Akasimulia na siku aliyokuna mpaka kwenye kifuu, bibi akamwondoa pale kwa kofi la mgongo. Dakika 2 zikaisha hajamaliza.

Na lile zunguko la kueleza kitu usichokijua jina linahesabiwa kwenye maksi za msamiati. Yanapimwa mambo 4: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, matamshi. Lafudhi ya kwetu si kosa, mradi unaeleweka. Kwa hiyo msihangaike kubana pua.

Mada za kadi zinabadilika, lakini mtu, mahali, kitu na tukio havikosekani. Kila mmoja achague vyake vinne, vya kweli, alivyovishika kwa mkono au kuviona kwa macho, avizungumzie kwa sauti huku akijirekodi kwenye simu.

Haya, mama wa pale dirishani, kadi yako hii. Penseli unayo? Dakika yako inaanza sasa.