Kifua cha Mtoto na Mita 400

MAMA ZAWADI: Haya karibuni tena, niko na Baba Timo hapa, na leo nina habari. Zawadi wangu, yule mnajua tumehangaika naye na pumu tangu nasari, amechaguliwa timu ya shule, mita 400, anaenda kukimbia mashindano ya kaunti ndogo!

BABA TIMO: Wueh! Hongera sana mama! Na 400 si mchezo, hiyo ni kuzunguka uwanja mzima, hakuna mahali pa kupumzika.

MAMA ZAWADI: Asante. Sasa shosho yake kusikia hivyo akapiga simu usiku analia, ati mnataka kuniulia mtoto. Na siwezi kumlaumu juu yeye ndiye alikuwa naye ule usiku mbaya wa Julai, unajua baridi ya Nairobi ya Julai, mtoto akivuta hewa mbavu zinaingia ndani, hapa chini ya shingo panabonyea, anataka kuomba maji anasema "ma", anatafuta pumzi, ndio anamalizia "ji". Ukiona hivyo hungoji kukuche, na midomo ikianza kuwa ya bluu hapo ni kukimbia hospitali mara moja, mkiwa njiani mnaendelea kumpulizia.

BABA TIMO: Na shosho wengi wanasema mtoto akizoea inhela, ile dawa ya pumu ya kupuliza mdomoni, haachi tena maisha yake yote.

MAMA ZAWADI: Hiyo maneno inaumiza watoto Baba Timo, naisema wazi. Iko hivi, mirija ya hewa imevimba ndani, halafu misuli yake inabana. Ile inhela ya bluu inalegeza misuli, mtoto anapata nafuu haraka, lakini uvimbe bado uko pale pale. Wa kuondoa uvimbe ni ile nyingine ya kuzuia, ya Zawadi ni ya kahawia, na hiyo anatumia kila siku hata akiwa mzima kabisa anaruka kamba, halafu anasukutua mdomo na maji anatema. Wazazi wengi wakiona mtoto ametulia wanaiweka kabatini, baridi ikirudi wanaanza mwanzo.

BABA TIMO: Na kukimbia daktari amekubali?

MAMA ZAWADI: Amekubali, kifua kikiwa kimetulia mtoto akimbie. Amesema apulize ya bluu kama dakika 15 kabla, apashe mwili moto polepole, na mwalimu wa michezo ajue inhela iko wapi, isifungiwe ofisini. Si unamjua Paula Radcliffe wa Uingereza? Ana pumu tangu utotoni, na 2003 pale London alikimbia marathoni saa 2:15:25, rekodi ya dunia, ikakaa miaka 16 hadi Brigid Kosgei wetu akaivunja Chicago. Shosho nilimwambia hiyo akanyamaza kidogo.

BABA TIMO: Ile speisa nayo, ile chupa ya kuunganisha inhela na mdomo wa mtoto? Niliuliza bei kwa kemisti nikashtuka.

MAMA ZAWADI: Kama huna, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita inafanya kazi, hiyo imepimwa na madaktari kule Afrika Kusini. Unaosha na sabuni, unaiacha ikauke yenyewe bila kupanguza, kule chini unatoboa na waya moto tundu linaloshika mdomo wa inhela sawasawa, unaziba pembeni na plasta. Unatikisa inhela, unapuliza mara moja tu, mtoto anapumua kwa mdomo wa chupa pole pole kama mara tano sita. Bila hiyo chupa, dawa nyingi inaishia kwa ulimi na koo.

BABA TIMO: Hiyo nimeshika. Juu Timo naye, masomo anaenda vizuri, juzi mwalimu alimsifu sana kwa hesabu, lakini usiku anakohoa, anakohoa, asubuhi ni kama hakuna kitu. Na jirani wa chini huwasha jiko la makaa kwa koridoo, moshi wote unapanda kwetu.

MAMA ZAWADI: Aki huyo jirani mwombe awashie nje, na jiko lenyewe lisiingizwe nyumba mnayolala hata baridi iwe namna gani. Kikohozi cha usiku pekee kinaweza kuwa pumu hata kama hasikiki kifua kikilia. Na kama kimepita wiki mbili apimwe TB pia, usiogope hilo jina, inatibika.

BABA TIMO: Nampeleka Jumatatu. Shida ni kwamba mchana daktari atakuta mtoto mzima.

MAMA ZAWADI: Ndio maana leo usiku umrekodi na simu, sauti na kifua, mvue fulana kionekane. Andika ilikuwa saa ngapi, na kama jiko lilikuwa linawaka. Uende na hiyo.