Akinyi Yupi? Damu Sahihi kwa Mgonjwa Sahihi

Hamjambo wanafunzi wa uuguzi, nanyi wauguzi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Asanteni.

Leo nina jambo moja: damu imfikie mwenyewe. Karl Landsteiner alibainisha makundi ya damu mwaka 1901, na maabara zetu zinajua kuyalinganisha. Makosa mengi yanayoua hutokea kando ya kitanda. Sampuli ya huyu huandikwa jina la yule, au mfuko wa huyu hutundikwa kwa yule.

Na hapa Kisumu jina pekee halitoshi. Kwa Wajaluo, msichana aliyezaliwa asubuhi ni Akinyi, mvulana wa usiku ni Otieno. Msimu wa malaria, wodi moja ya watoto inaweza kuwa na kina Akinyi watatu, wawili wao wakiwa binti Otieno. Ukiuliza, "Huyu ni Akinyi?" mama zao wote wataitikia. Na mgonjwa mwenye homa kali huitikia jina lolote. Kwa hiyo usimtajie mtu jina lake. Muulize: "Mama, mtoto anaitwa nani, majina yote?" Kisha soma namba ya hospitali kwenye mkanda wa mkononi. Kwa mapacha, Opiyo na Odongo, hata tarehe ya kuzaliwa na jina la mama ni yale yale, na mara nyingi wanalazwa kitanda kimoja. Hapo namba ndiyo inayowatenganisha. Mgonjwa asiye na mkanda avalishwe kwanza, damu ingoje.

Chupa ya sampuli iandikwe palepale kitandani, damu ikishatoka, kabla hujapiga hatua. Anayeandika chupa nne mezani ili kuokoa muda ameshaandaa kosa.

Mfuko ukifika, wasome watu wawili, kila mmoja kwa macho yake: jina, namba ya mgonjwa, kundi, namba ya mfuko, tarehe ya mwisho. Linganisheni mkanda, fomu na mfuko, mkiwa mmesimama kando ya mgonjwa. Kagueni kama damu imeganda, imebadilika rangi au mfuko unavuja. Ianze ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye friji, na iishe ndani ya saa 4, kwa sababu bakteria huzaana kwenye damu iliyopoteza ubaridi. Msiipashe kwenye maji ya moto. Chembe nyekundu hupasuka. Katika mrija wa damu ruhusuni selaini (maji ya chumvi) ya 0.9% peke yake. Dekstrosi, yaani maji ya sukari, huzipasua chembe, na kalsiamu iliyo kwenye dripu ya Ringa huigandisha damu.

Sasa kasi. Mtoto wa kilo 12 mwenye upungufu mkali wa damu, akipewa damu nzima (isiyotenganishwa) ml 20 kwa kila kilo, anahitaji ml 240. Kwa saa 4, yaani dakika 240, hiyo ni ml 1 kwa dakika. Seti ya mrija yenye matone 20 kwa ml itatoa matone 20 kwa dakika. Ya matone 15 itatoa 15. Someni pakiti ya seti, msikisie. Kisha rudini kuhesabu, kwani mtoto akikunja au kukunjua kiwiko, kasi hubadilika. Ndugu wa mgonjwa pia huona damu inachelewa wakafungua kidhibiti cha matone, nanyi mnakuta mapafu yamejaa maji. Waelezeni mapema, kwa upole.

Pimeni joto, mapigo ya moyo, pumzi na presha kabla ya kuanza, baada ya dakika 15, kisha kila saa hadi mwisho. Pumzi zihesabiwe dakika nzima. Dakika 15 za mwanzo msiondoke kitandani: athari mbaya zaidi huweza kuanza na ml chache tu.

Mgonjwa akitetemeka, akipanda homa, akilalamika kiuno au kifua, akihema, akitoa mkojo mweusi, au mtoto akianza tu kuhangaika bila sababu, fungeni damu mara moja. Kupunguza kasi hakutoshi. Badilisheni mrija wote, acheni kanula (kijimrija kilicho kwenye mshipa) ikiwa wazi kwa selaini, mwiteni daktari, kisha someni upya mkanda na mfuko. Ikiwa mfuko ni wa mtu mwingine, pigieni maabara na kagueni kitanda cha huyo mwingine papo hapo, maana huenda Akinyi wa kule naye ametundikiwa usio wake. Mfuko na mrija msivitupe; vipelekwe maabara pamoja na sampuli mpya ya damu na mkojo wa kwanza.