Slim wa Gallabat, Slim wa Burma

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika.

Ningeweza kuanza na ushindi, lakini naanza na ngome ndogo ya Gallabat, mpakani mwa Sudan na Ethiopia. Tarehe 6 Novemba 1940, katika Vita Kuu ya Pili, Brigedia Mwingereza William Slim aliiteka kutoka kwa Waitalia. Kisha mambo yakamgeukia: vifaru vikakwama kwa mabomu ya ardhini, ndege za Waitalia zikatawala anga, na askari wa batalioni moja ya Waingereza wenzake wakatimua mbio. Mbele yake palikuwa Metemma, ngome ya Waitalia ng'ambo ya mpaka. Aendelee, au arudi nyuma? Akarudi. Baadaye akapata habari kwamba Waitalia wa Metemma walikuwa karibu kusalimu amri.

Aliyetusimulia kisa hicho ni Slim mwenyewe, tena bila kujitetea. Aliandika kwamba alikuwa na njia mbili, akaiacha ile ya ujasiri kwa sababu alisikiliza hofu yake. Nimesoma kumbukumbu za majenerali kadhaa. Kosa huwa la mtu mwingine. Ndiyo maana namheshimu huyu.

Hakutoka nyumba ya wakubwa. Alizaliwa Bristol mwaka 1891, baba yake muuza vyuma, akakulia Birmingham. Alifundisha shule ya msingi, akawa karani wa kampuni ya mabomba. Vita vya 1914 ndivyo vilivyompa uofisa. Alijeruhiwa Gallipoli, akajeruhiwa tena Iraki, kisha akahamia Jeshi la India, kwa Wagurkha. Alijiongezea kipato kwa kuandika hadithi kwa jina la Anthony Mills.

Machi 1942 alikabidhiwa kikosi kilichokuwa kinashindwa na Wajapani huko Burma (leo Myanmar), akakirudisha India kwa mwendo wa kilomita zipatazo 1,400. Watu walifika matambara matupu, lakini silaha mkononi. Mwaka uliofuata akapewa Jeshi la 14, na adui wake wa kwanza hakuwa Mjapani. Kwa kila majeruhi mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele, waliondolewa wagonjwa 120! Tembe za mepakrini za kuzuia malaria zilikuwepo, ila askari walizikwepa, maana uvumi ulienea kwamba zinaua nguvu za kiume. Slim akaagiza vikosi vipimwe kwa kushtukiza. Wakipatikana chini ya asilimia 95 waliomeza, kamanda anafukuzwa. Alifukuza watatu tu, waliobaki wakaelewa.

Wajapani walipovunjika Imphal na Kohima, miji ya India karibu na mpaka wa Burma, katikati ya 1944, desturi ilikuwa kusubiri mvua za kusi zipite. Slim akakataa. Wafuatwe humo humo mvuani! Na waliopelekwa Bonde la Kabaw ni watu wetu: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, keya (askari wa King's African Rifles) wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (leo Malawi), pamoja na wenzao wa Northern Rhodesia (leo Zambia). Bonde hilo lilisifika kwa homa hata likaitwa Bonde la Mauti. Fikirini kijana wa Tabora au Machakos, tope magotini, chakula chake kinadondoshwa na ndege, adui hamwoni mpaka risasi ilie. Walishuka kutoka mji wa Tamu wakipigana, na mwanzoni mwa Desemba wakaingia Kalewa. Hapo mto Chindwin ukawekewa daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vya kuunganishwa, la futi 1,154, refu kuliko yote ya aina hiyo duniani wakati ule. Jeshi likavuka.

Sasa ndipo lile jambo la Gallabat linaporudi. Wajapani walijikusanya nyuma ya mto Irrawaddy wakimsubiri mjini Mandalay. Slim akawaacha waamini hivyo. Alituma nguvu upande wa Mandalay, huku kikosi kizima kikipita kusini kwa siri, kuvuka mto na kupiga Meiktila, ghala na njia panda ya adui. Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki ikatumwa kumhadaa adui chini zaidi mtoni. Mpango ungeshindikana, kikosi kile kingenaswa peke yake. Safari hii aliichagua njia ya ujasiri. Meiktila ilianguka mwanzoni mwa Machi 1945, Mandalay ikafuata tarehe 20.

Rangoon ilikombolewa Mei. Siku chache baadaye mkubwa wake, Jenerali Leese, akamwambia anamwondoa kwenye Jeshi la 14. Malalamiko yakafika juu, uamuzi ukabatilishwa, na aliyeondolewa akawa Leese.

Yaliyobaki ni vyeo: mkuu wa jeshi la nchi kavu la Uingereza mwaka 1948, fildimashali 1949, Gavana Mkuu wa Australia tangu 1953. Alifariki Desemba 1970, na sanamu yake imesimama Whitehall, London.

Keya waliolala Burma wana mahali pao pia. Makaburini Taukkyan, kaskazini mwa Rangoon, kuna nguzo zilizochongwa majina yapata 27,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana. Majina ya kwetu yamo. Ukijaliwa kufika, yasome kwa sauti.